Mzee wa Chumba cha Ishara

Kaka yangu mpendwa,

Huku hatujambo. Mama amepona kikohozi, na paa la jikoni halivuji tena.

Jumamosi nilikwenda peke yangu kwenye ile stesheni ya zamani alikofanyia kazi baba, akizipa treni ishara. Siku hizi ni makumbusho. Reli zimeng'olewa, na watu wanakuja kutazama injini iliyoshika kutu. Mlinzi alinipokea vizuri, akasema, "Mzee wako ameshatangulia juu, kwenye chumba cha ishara."

"Mzee gani? Nimekuja mwenyewe."

"Si huyo anayechechemea? Ameniuliza treni ya mwanawe inaingia saa ngapi."

Baba ndiye aliyekuwa akichechemea. Nilipanda ngazi. Hapakuwa na mtu, ila chumba kizima kilinukia tumbaku ya baba. Kaka, mpaka anakata roho alikuwa akikuulizia, na mazishini hukuja. Silaumu. Nilisema tu, kwa sauti, "Baba, kaka haji leo. Twende nyumbani."

Nikashuka, nikatoka. Mlinzi alilishikilia lango, akangoja kidogo nyuma yangu, ndipo akalifunga.

"Haya, kwaherini," akasema.

Njoo, kaka. Sasa anakusubiri hapa nyumbani.

Ni mimi mdogo wako,
Kitinda mimba