Mzee Asiyejua Kusalimia

Ijumaa usiku, Kitengela

Huyo Kevo ni bure kabisa. Kwa drama ya shule walimpa kuigiza mzee wa Kimaasai kwa sababu ni mrefu, basi. Leo huko Kajiado, mbele ya ukumbi uliojaa wazazi, mimi mjukuu wake wa mchezo nikainamisha kichwa akiguse, vile wazee wa Kimaasai husalimia watoto. Badala yake, akaninyooshea mkono kama mtu anaomba kura! Watu wakacheka mpaka machozi.

Sikuinuka. Nilibaki nimeinama, shingo ikiuma, mpaka akili ikamrudia akaweka mkono kichwani. Ukumbi wote ukanyamaza. Kimya hicho ni mimi nilikileta.

Sasa anaringa ati alipanga hivyo. Mjinga.

Na mimi, niliyeingia drama kukwepa hesabu, nimelia bafuni kwa sababu mchezo umeisha.