Chakula cha Kigiriki Hotelini kwa Anisia

Kayanga, Jumamosi, kiangazi cha 1988. Vumbi mchana kutwa, na sasa baridi ya kutafuta blanketi. Nimeshiba hata kuinama kuvua viatu ni kazi, lakini silali kabla sijaandika.

Nina furaha. Naliandika hilo kwanza, lisije likapotelea kwenye maelezo.

Sista Eleni, nesi wa Kigiriki hapa hospitalini na jirani yangu, alituahidi tangu Pasaka kwamba siku moja atatupikia kama watu wanavyokula hotelini kwao. Jiko lake ni dogo, kwa hiyo leo Anisia alimwachia hoteli yake ya karibu na stendi, akawafungia wateja mlango. Wageni tulikuwa mimi na Domitila.

Hapo ndipo roho yangu ilipokuwa juu. Mimi, Anisia na Domitila tumekua pamoja Nyakakika, tukichota maji kisima kimoja. Mwaka jana mama yake Domitila alipofariki, Anisia hakuonekana msibani. Alikuwa Bukoba, basi likaharibika, akarudi watu wameshatawanyika. Kwa aibu hakwenda hata kutoa pole, akatuma mkungu wa ndizi. Domitila akaurudisha vilevile. Tangu hapo hawasalimiani. Na Jumatatu Domitila anahamia Biharamulo, mumewe kahamishiwa huko. Wakiachana hivi, ndiyo basi tena.

Domitila alikubali kuja kwa heshima ya Eleni tu, aliyemzalisha mtoto wake wa mwisho. Njiani aliniambia, "Nitakula, nitashukuru, nitaondoka. Na huyo mwenye hoteli sina neno naye."

Sasa, kwetu chakula huja chote mara moja: ndizi katikati, maharage, na nyama ikiwepo. Mkishakula na kunawa, mgeni ana ruhusa ya kuaga. Kwa hiyo ulipotua mezani mkate, pamoja na jibini aliyoitengeneza Eleni mwenyewe, maharage ya kuponda yenye limao na zeituni chungu kutoka kwao, tukajua ndicho chakula chenyewe. Nikasema moyoni, kumbe Wagiriki wanakula kidogo hivi! Tukaushambulia mkate bila huruma.

Domitila alimaliza wa kwanza. Anisia, kama mwenye nyumba, akaja na birika na beseni, akammiminia maji kimya, naye akanawa huku akiangalia ukuta. Kisha akasimama, akasali sala ndefu ya kushukuru mpaka amina, akajitanda kitenge chake.

Eleni akatokea jikoni na sinia la wali uliofungwa ndani ya majani ya maboga.

Utaondokaje mpishi akiwa anakuletea chakula? Kwetu hilo ni tusi. Domitila akaketi, akala, akanawa tena, akasali tena, safari hii kwa kifupi, akasimama. Ikaingia sufuria ya biringanya na nyama ya kusaga. Nikauma upindo wa kitenge nisicheke. Eleni akaniuliza kwa kunong'ona kama rafiki yangu anatafuta choo, na hapo nikashindwa kabisa. Nilicheka mpaka machozi, na nikamwona Domitila naye anauma mdomo, kwa ukaidi wake ule wa tangu utotoni.

Ilipofika nyama ya mbuzi, hakuna aliyeweza kusimama hata angetaka. Anisia akasogea tena na birika lake. Domitila akaitazama sahani, akamtazama yeye usoni.

"Mawee! Anisia, waitu, ndugu yangu, nimeshindwa. Kaa hapa unisaidie."

Mwaka mzima hakuwa amelitamka jina hilo.

Anisia akasimama tu, maji yakimwagikia sakafuni. Kwetu huli sahani moja na mtu uliyemwekea kinyongo, hata mtoto anajua. Akaketi. Akachukua pande la nyama kwenye sahani ya mwenzake, akashindwa kulitafuna, akaanza kulia.

"Niliona aibu," alisema. "Watu wameshaondoka, nikajiuliza, sasa naingiaje?"

"Ungeingia hivyohivyo. Nilikuwa nautazama mlango, nakusubiri wewe."

Nikalia na mimi, mdomo umejaa. Eleni, maskini, akadhani mbuzi ameharibika, akainusa sahani. Tulipomweleza alipiga makofi, akakimbilia jikoni, akarudi na maandazi madogo yanayoogelea kwenye asali. Tulikuwa tumeshiba. Tukayala yote.

Nampenda Domitila. Nampenda na Anisia, pamoja na woga wake. Nilikuwa sijajua jinsi nilivyochoka kuwapenda mmoja mmoja.

Tulipokuwa tunaagana, Domitila alisema hawezi kwenda Biharamulo kabla Anisia hajaliona kaburi la mama. Basi kesho baada ya misa tunakwenda Nyakakika, watatu. Najua watatembea wameshikana mikono na kusema yote waliyoyanyamazia tangu mwaka jana, na mimi nitabaki nyuma yao makusudi, nikijifanya kiatu kinanibana.