Rangi ya Malenge Haikutosha

Dada Nekesa,

Mahindi uliyopanda Naitiri kabla ya kuugua yamefika kiunoni. Shemeji anayapalilia mwenyewe. Tangu tukuzike watu bado wanakutaja kwa wema, na mimi nilikuwa wa kwanza.

Wiki iliyopita nilikuja kwako Kanduyi kuchukua paka wako, maana shemeji alisema wamemshinda. Nilikuja nikikulilia. Nilipokuwa nawatia kwenye kikapu nikamwuliza kama nao huugua-ugua kama wangu waliokufa. Akanijibu, hata hajui anachosema, "Hawa? Hawa wanachanjwa kila mwaka. Nekesa hakuwa anacheza na hiyo maneno."

Niliketi palepale, Dada.

Si ni wewe ulikuja kwangu Kitale na karoti na malenge, ukiwa bado unauza dawa za mifugo pale Bungoma? Ulisema ile rangi ya manjano ndani ya malenge, na nyingine inayojificha kwenye sukuma wiki, huamsha kinga mwilini mwa paka. Tukachemsha, tukaponda, tukachanganya na dagaa wa omena na maini. Paka walitusugua miguu, tukacheka. Nilipotaja chanjo ukasema, "Achana na sindano, bana. Rangi ndiyo kinga yao." Nikaachana nayo. Ningemwamini nani mwingine, kama si mtoto wa mama mkubwa?

Kisha paka wangu Kahawia akaanza kutapika, akagoma hata maji. Mama yake akafuata, na yule mdogo mwenye mkia mfupi. Ulikuja ukachuchumaa kando yao. Ukaniuliza walikuwa wakila kiasi gani cha malenge, na nani alidhoofika kwanza. Nilidhani unauliza kwa uchungu. Nilikushukuru, Dada. Nilikupikia chai.

Shemeji aliponiona nalia, akasema yote. Ati ulitaka kujua kama chakula kile kingetosha peke yake, ndipo uwashauri wateja wako. Wako hukutaka kuwaweka hatarini. Ukachagua wangu.

Nimemwuliza daktari wa mifugo wa hapa Kitale. Hakukucheka. Amesema rangi za mimea zinaweza kuusaidia mwili wa paka kupigana na maradhi, ila hazishiki nafasi ya chanjo. Kwa hiyo hukunidanganya kila kitu. Hapo ndipo panaponiuma zaidi, kwa sababu ule ukweli kidogo ndio ulionishika.

Ungeniambia tu. Ungesema, dada yangu, nina jambo nataka kulijaribu. Labda ningekukatalia, labda ningekubali, lakini ningekuwa nimeulizwa.

Paka wako wako hapa kwangu sasa. Wamenona, na hawana kosa lolote. Nitawatunza na kuwachanja.

Pumzika, Nekesa. Mimi bado sijaweza. Nakuahidi hili: watoto wako wakikua na kuniuliza mama yao alikuwa mtu wa namna gani, sitakusingizia, na sitakuficha.

Nduguyo,
Nanjala