Bastola Ndogo na Mshenga Wangu

Toronto, Jumapili, 12 Novemba 1995

Yaani Deo ameniitia mshenga.

Ninachotaka ni bastola ya kulengea shabaha klabuni, basi. Ni ya mtindo wa ile ya kijeshi ya zamani, ila hii imetengenezewa risasi ndogo, haichoshi mkono wala hailii sana. Nimeishika dukani mara tatu na kuirudisha, sijaamua. Halafu kuna kibali, na huku hakitolewi kabla mwenzi wako hajaulizwa. Polisi alipiga simu kumwuliza Deo, mume wangu, kama ananiogopa.

Mwanamume mwingine angesema hapana, yakaisha. Deo akamjibu afande kwamba mambo ya ndoa hayazungumzwi bila mshenga, akampa namba ya Mzee Kilian, Mississauga.

Leo baada ya ibada Mzee Kilian, aliyekuja kuniposa kwa niaba ya Deo miaka kumi na moja iliyopita, katufikia na mkewe. Kala wali wangu, kanawa, ndipo akauliza taratibu, "Mwanangu, mwenzio kakukosea nini mpaka ufikirie silaha?"

Nikaeleza upya: klabu, shabaha, karatasi zenye miduara. Akamgeukia Deo. "Na wewe sema kweli. Unaogopa?"

Deo akafikiri.

"Bastola hiyo siiogopi, Mzee. Nimesikia ya namna hiyo klabuni. Mlio wake hauufikii wa huyu akikuta sijaosha vyombo."

Wakacheka wote. Mzee akasema basi, ninunue tu.

Nitainunua. Ila nilikuwa na majibu mengi kwa Deo, na nilipofungua mdomo nikajikuta nanong'ona.