Wiki Mbili Ulizonyimwa

Okello ndugu yangu,

Nimekasirika, na sina mwingine wa kumwambia. Ni mwezi wa tatu tangu tukuzike Gulu, na mwezi huu jina lako limechafuliwa ofisini, mbele yangu, wewe huwezi kujibu.

Nilipofika ofisini hapa kutoka Machakos sikujua lolote kuhusu seva. Ulinivutia kiti, kelele za teksi za Nakivubo zikiingia dirishani, ukanionyesha zile programu sita zinazopokea majibu ya damu kutoka kliniki zote tunazohudumia na kuyafikisha kwa madaktari. "Mkenya, hawa ni vibarua," ulisema. "Wanakula memori, kila saa wananenepa. Mmoja akinenepa, unamwacha amalize kazi iko mkononi, anaenda, mwingine anaingia. Mmoja mmoja. Usifukuze wote pamoja." Kiswahili chako cha kambi ya polisi, ulikolelewa, kilinichekesha, lakini sijawahi kufundishwa jambo likaniingia vile.

Baada ya mazishi, meneja alimwajiri Brian kushika nafasi yako. Wakaukuta ndani ya seva mpangilio wako wa kuwabadilisha vibarua mmoja mmoja, na juu yake umeandika neno moja tu: Usiguse. Hapo hata wewe umeniudhi, Okello. Mtu analindaje kazi ya miaka minne kwa neno moja? Kwa nini hukuandika sababu?

Meneja akasema kuwasha programu upya kila saa ni upuuzi. Nilimweleza ulivyonieleza. Akanijibu, "Mwende, wewe shughulika na ripoti." Brian akaufuta mpangilio, akaweka amri kwamba memori ikijaa seva izime zote sita papo hapo na kuziwasha tena.

Jumanne asubuhi memori ikajaa. Zote sita zikazimwa kwa mpigo, na majibu yaliyokuwa bado hayajaandikwa yakapotea, ilhali kule kliniki skrini ilishawaambia yamepokelewa. Nesi wa kliniki ya Namuwongo alinipigia. "Nyabo, mama, huyu mtoto nilimtoboa asubuhi, sasa nimemtoboa tena. Daktari anangoja. Majibu iko wapi?" Nilimsikia mtoto akilia nyuma yake, kilio kidogo, cha aliyechoka. Damu yake ilikuwa chini sana. Walimwongezea damu jioni, saa nyingi baada ya wakati wake. Yuko hai. Nimempigia nesi kila siku kuhakikisha.

Siku iliyofuata tukaitwa mkutanoni. Meneja akakunja mikono, akasema, "Haya ni matatizo aliyotuachia marehemu." Akaniambia niandike ripoti kwa kliniki, na kwenye chanzo nikuandike wewe.

Nilifungua barua pepe ulizomwandikia meneja ukanipa nakala, nikazisoma kwa sauti, zote tatu. Mara tatu uliomba wiki mbili utafute mahali memori inapovujia. Mara tatu alikujibu, "Si sasa." Brian alikuwa akitazama meza. Kisha akasema polepole, "Bosi, ni mimi nilifuta. Nilifuta kwa sababu uliniambia." Sikutarajia hilo kutoka kwake, lakini alisema.

Barua pepe hizo nikaziweka kwenye ripoti, na meneja akataka sehemu hiyo itolewe. Nikaituma ripoti nzima kwa kliniki, na jina langu chini yake. Barua ya onyo niliyopewa kwa hilo iko hapa mezani ninapokuandikia. Kliniki nazo zikapiga simu, zikatishia kuondoka, na ndani ya dakika tano meneja akatupa wiki mbili mimi na Brian. Wiki mbili zilezile. Nilitoka nje nikasimama kwenye ngazi, nikalia kwa hasira.

Hatukuzimaliza. Siku ya nne tuliona: kila majibu yalipokuja na picha, programu iliifungua picha ile na haikuifunga kamwe. Tulirekebisha mistari minne ya programu. Minne, Okello. Kwa kukosa mistari minne ulishinda umeikodolea macho seva hiyo, likizo huna, homa unaimeza na chai. Ulipolazwa, meneja alikupigia wodini. "Iko chini tena." Ukaomba laptop iletwe, ukafanya kazi na dripu mkononi, dada yako akikushikia mto.

Mpangilio wako tumeurudisha. Kibarua akinenepa, anamaliza kazi yake kwanza, ndipo anaondoka. Chini ya neno lako nimeandika ukurasa mzima wa sababu, na Brian ameusoma mpaka akaweza kunifundisha mimi. Sasa tunapokezana. Atakayeugua atazima simu yake, na meneja akitaka aniandikie onyo la pili.

Lakini kuna jambo sikulisema mkutanoni. Jumamosi ile, siku mbili kabla hujafa, na mimi nilikupigia wodini. Lilikuwa swali dogo tu, ningeweza kulitafuta mwenyewe. Ulinijibu kwa pumzi zinazokatika, kisha ukaniuliza kama nimekula. Nimemkasirikia meneja siku zote hizi kwa sauti kubwa, labda ili nisijikasirikie mwenyewe.

Kwaheri, ndugu yangu. Kazi yako iko mahali pake, watu wawili wanaijua, hakuna anayekuhitaji tena kwa hilo. Lala.

Jumapili nitakwenda kambini kwa mama yako. Bado anaamini ni meneja peke yake aliyekusumbua wodini, na kila tukikutana ananishukuru kwa kukuacha upumzike. Nitakaa chini mbele yake nimwambie mwenyewe.

Mwende