Lenzi Ndefu ya Baba

Lubaga, Kampala, 4 Juni 2023

Baba mpenzi,

Kifua chako kinaendeleaje na baridi ya Bukavu? Huku sisi wazima. Mdogo wangu Olivia ataolewa mwezi wa tisa na Okwera, yule fundi umeme wa Mbuya. Ndiyo, baba yake ni mwanajeshi, na yeye amekulia kambini. Sijasahau wanajeshi walivyotufukuza kijijini, lakini kijana huyu hajawahi kushika bunduki. Tunaomba baraka yako.

Picha nitapiga mimi. Padri hataki kamera karibu na altare, kwa hiyo nitasimama mlangoni. Nitumie ile lenzi yako ndefu ya Kirusi.

Mwanao, Séraphine

Bukavu, 29 Juni

Mwanangu,

Kifua kimetulia, namshukuru Mungu. Lenzi inakuja na Mama Nabintu, yule muuza vitenge. Kwenye kamera yako haitaingia. Inafungwa kwa kuzungushwa, kama kifuniko cha chupa. Tafuta fundi chuma akuchongee pete ya kuziunganisha. Na usisahau, kila kitu utarekebisha kwa mkono.

Baba yako

Lubaga, 20 Julai

Baba,

Nakusalimu sana. Pete imechongwa kule Katwe na lenzi imeingia. Nyuso za karibu zinaonekana safi, za mbali ni ukungu mtupu. Olivia anauliza kama umeandika neno lolote juu yake.

Mwanao, Séraphine

Bukavu, 11 Agosti

Séraphine,

Salamu kwenu. Pete ni nene mno. Fundi aipunguze kidogo, uijaribu kwenye msalaba wa juu ya kanisa, aipunguze tena, mpaka msalaba uonekane wazi. Asizidishe.

Baba yako

Lubaga, 25 Septemba

Baba,

U mzima? Harusi imepita. Kiti chako tulikiacha wazi. Olivia alikitazama, akalia.

Picha hii ninayokutumia niliipiga kutoka mlangoni. Mkanda wa kiatu cha Olivia ulifunguka mbele ya altare. Okwera akapiga magoti na suti yake mpya, akamfungia. Watu walicheka, yeye wala hakugeuka.

Mwanao, Séraphine

Bukavu, 30 Novemba

Wanangu,

Msidhani nilikuwa mgonjwa. Picha imekaa mezani, naipita, narudi kuitazama. Nimepiga watu picha maisha yangu yote. Anayejua kwamba anatazamwa namtambua. Kijana huyu hakujua.

Jana Mama Nabintu aliniuliza, "Huyu ndiye mkwe wako?" Nikamjibu, "Ndiye."

Olivia, usilie tena. Jumapili baada ya misa nitampigia Okwera simu mimi mwenyewe. Mwambieni asihangaike kutafuta maneno ya Kifaransa. Kiswahili chake cha kambini kitatutosha.

Baba yenu