Matanga ya Mwezi wa Saba

Kambini, njia ya Bulyanhulu
Agosti 1996

Kwa dada yangu mpendwa Paskazia,

Shikamoo dada. Natumaini barua hii itakukuta salama, wewe na wote wa hapo Maganzo, na kwamba mguu umepunguza kuuma tangu uanze ile dawa ya kuchua. Mimi ni mzima wa mwili, ila nimechoka, dada, nimechoka sana. Mwanao Deusi hajambo kabisa. Anakula, anacheka, na amefuga ndevu ambazo bado hazijakubali kuota sawasawa. Nimelitanguliza hilo ili usome yanayofuata bila moyo kukudunda.

Barua yako nimeipata. Umeniuliza tena lini nitamrudisha Deusi nyumbani, ukanikumbusha kwamba baba yake alifukiwa na kifusi kwenye mashimo ya hapo Maganzo na huna nguvu za kuzika mwingine. Sijasahau. Mimi ndiye niliyekushika siku ile. Nimesema naye kwa upole na kwa ukali, naye hunijibu kwamba mama mdogo nina maneno mengi, kisha huvaa kofia yake akaenda kushuka duarani, shimoni kwao, kuchimba.

Ulitaka pia kujua kazi yangu ya siku hizi ni ipi hasa, maana kijana wako alikuandikia kwamba nalipwa kuchezesha watu wazima. Hakukosea sana. Meneja wetu, Bwana Maganga, Msukuma mwenzetu wa Maswa, alikwenda semina Zimbabwe mwaka jana akarudi na jambo lake: kila mwisho wa mwezi zamu zote zikae chini ya banda la stoo, zitazame nyuma, zione lipi limekwenda vizuri na lipi limekwama. Na kwa kuwa watu wetu wakiulizwa mbele ya bosi husema yote ni mazuri, kikao kiwe mchezo, kila mwezi na mchezo wake. Mimi mtunza stoo, kwa sababu niliwahi kufundisha chekechea, nikaangukiwa na kazi hiyo.

Tulianza na mpira. Kila zamu ikataja mabao iliyofunga na iliyofungwa, na msimamizi wetu Eustace akala kadi nyekundu kwa kupenda kelele. Baadaye tukafanya harusi. Halafu tukagawanyika Bagika na Bagalu, vile vyama viwili vya ngoma vya kwetu, tukashindana kwa nyimbo kama kwenye ngoma za mavuno. Kicheko hakikuwa haba. Lakini katika kila mchezo watu walisema jambo lile lile. Kwenye mpira lilikuwa bao la kufungwa, kwenye harusi lilikuwa kasoro ya bibi harusi, na kwenye ngoma zamu ya Deusi ikaliimba: waya wa winchi, ule unaobeba ndoo ya kushushia watu, umechakaa, nyuzi zimesimama kama manyoya ya kuku mgonjwa. Bwana Maganga alipiga makofi, akaandika ubaoni, akasema waya wa namna hiyo huagizwa nje, tuwe na subira. Ubao niliufuta mimi, maana ndiyo kazi yangu. Watu wakashuka kwa waya ule ule. Hapo ndipo uchovu ulipoanza.

Mwezi wa saba ulipokwisha nikapendekeza mchezo wa matanga. Marehemu awe Mwezi wa Saba mwenyewe, Msukuma wa hapa hapa, tumlilie, tuseme kilichomuua, kisha tumzike. Bwana Maganga alicheka mpaka akajifuta machozi, akakubali. Tukajaza gunia pumba, tukalivika shati. Mimi nikawa mfiwa mkuu. Nililia, dada, mpaka watu wakasema hawajaona mchezaji kama mimi, nikapewa zawadi ya mche wa sabuni. Sikuwa nacheza. Nililitazama gunia lile nikakuona wewe umekaa chini.

Kwa kuwa marehemu ni Msukuma, mtani wake akawa Kudra, mpishi wetu, Mzaramo wa Kisarawe. Unawajua watani wakiwa msibani. Tulipolibeba gunia kwenda kulishusha duarani, Kudra akatutangulia, akaingia kwenye ndoo, akaukumbatia waya, akatangaza kwamba marehemu haendi popote. Akapewa sarafu, akaitupa. Akaahidiwa jogoo, akasema kwao wako tele. Marehemu, alisema, amemnong'oneza kwamba kwa waya huu hashuki, aletewe mpya.

Watu walicheka. Jua likazama, bado yumo ndani ya ndoo. Zamu ya usiku ikaja, ikakosa pa kupita. Eustace, ambaye hana mtani hapa kambini, alitaka atolewe kwa nguvu. Wachimbaji wakamwambia mtani haondolewi kaburini kwa nguvu, na kwamba ikifanyika hivyo hakuna atakayeshuka tena humo. Bwana Maganga akawatazama Wasukuma wenzake waliomzunguka, akatabasamu kwa shida. Kumkasirikia mtani ni aibu, naye alijua.

Kesho yake, Jumapili, akaituma Land Rover Kahama kutafuta waya. Waya wa kuagizwa nje ulikuwa unaning'inia mlangoni mwa duka la vyuma la Liaquat. Siku hiyo nilipika mimi, maana Kudra alikuwa bado kwenye ndoo, na walionusurika wamenisamehe. Jioni mafundi wakaufungua ule wa zamani, na walipojaribu kuukunja ukakatika mikononi mwao. Hakuna aliyecheka. Deusi aliokota kipande, akakigeuza mkononi, akakiweka chini.

Sasa nikuambie nililokuficha tangu mwanzo wa barua hii. Kudra hakubuni yale pale pale. Nilimfuata jikoni kabla ya kikao, nikamweleza habari zako, nikamwomba. Bwana Maganga si mjinga. Aliniita ofisini akaniuliza kwa upole mchezo ule ulikuwa wa nani, nikasema wangu. Alinishukuru, na nadhani alishukuru kweli. Kisha akasema hawezi kufanya kazi na mtu aliyemwaibisha mbele ya watu wake, nikabidhi stoo mwisho wa mwezi huu. Kudra yeye, bosi hawezi kumgusa, nani atamfukuza mtani kwa utani? Mimi Msukuma mwenzake sina kinga hiyo. Nililijua hilo kabla sijaingia jikoni.

Nilimwomba Deusi kwa mara ya mwisho tuondoke wote. Akanishangaa. Alisema siku zote alikuwa anafikiria kuacha kazi kwa sababu ya ule waya, na alishapanga kurudi kwako baada ya mavuno ya pamba. Sasa waya ni mpya, aondoke kwa lipi?

Nisamehe, dada. Nitafika kwa basi la Kahama, na nitafika peke yangu. Ukiniona peke yangu usiwaite majirani, si msiba. Nisalimie Generosa na wanawe, mwambie kitenge chake nakileta. Mungu akutunze mpaka tuonane uso kwa uso. Wabeja sana, asante kwa yote.

Ni mimi mdogo wako,
Serafina